Prosesa Aliyoingoja Bisimwa

Nawasikia kila siku, vijana wangu. Naketi hapa kwenye benchi mbele ya duka la mpwa wangu, hapa Nateete, Kampala, nimenyoosha miguu yangu iliyovimba ipate jua, na nyinyi mko ndani mnabishana. Mmoja anasema prosesa, ule ubongo wa kompyuta, itakayotoka mwisho wa mwaka ina kasi ambayo haijawahi kuonekana. Mwingine anasema kasi inayo, ndiyo, lakini itakula umeme kama jiko na itawaka kama jiko, na juu ya hayo wamebadilisha soketi tena, kwa hiyo motabodi zote mlizo nazo zitabaki za kuwekea vikombe. Wa tatu anaapa kwa mama yake kwamba kipoza cha hewa hakitatosha, lazima cha maji. Prosesa yenyewe hakuna aliyeigusa. Hakuna hata aliyeiona, ila kwenye picha yenye ukungu iliyovujishwa na mtu asiyejulikana. Lakini mnaigombania kama ndugu kwenye mirathi.

Juzi mmoja wenu alitoa kichwa nje akaniuliza, "Mama Lamunu, wewe mkongwe wa kazi hii, unangoja ipi?" Nilimjibu kwamba singoji yoyote, nikamwomba anisogezee chai. Aliniona kikongwe aliyechoka na maneno ya kompyuta. Kuchoka nimechoka. Ila swali lake lilikuwa zuri na lilistahili jibu, na jibu langu ni habari za mtu mmoja aliyengoja kuliko nyinyi wote mkijumlishwa.

Wengine hamnijui vizuri. Baba yangu alikuwa askari polisi kutoka Gulu, nami nilizaliwa na kukulia kwenye nyumba za polisi Nsambya, ambako watoto wa Kilugbara, wa Kiteso na wa Kiacholi tulicheza pamoja na kutukanana kwa Kiswahili, maana ndiyo lugha pekee iliyohakikisha kila tusi limefika. Kiswahili hicho nilikwenda kukinyoosha Arusha, nilikosomea ufundi wa redio. Niliporudi Kampala watu walikuwa wanaanza kuzitupa redio. Akaniajiri Mzee Sserwadda, aliyekuwa na duka la kutengeneza mashine mjini, ghorofani, juu ya muuza viatu. Huyo ndiye mwalimu wangu.

Mzee Sserwadda hakuwa na vifaa vingi, alikuwa na pua. Akiletewa kompyuta iliyozimika, kabla ya kuifungua aliinusa kwa nyuma kama mama anavyonusa maziwa ya jana, halafu akatoa hukumu: "Kapasita." Au: "Mjusi." Mijusi ilikuwa inaingia kwenye pawasaplai, kile kiboksi cha umeme, kutafuta joto, inakanyaga mahali pawili kwa wakati mmoja, na hapo ndipo safari yake na ya mashine ilipoishia.

Kama Waganda wengi wa rika lake, r na l kwake zilikuwa mapacha wanaobadilishana nguo. Mimi aliniita Ramunu mpaka siku ya kufa. Wakati mmoja alikuja mteja kutoka Mombasa, kompyuta yake inajikokota kama mgonjwa. Mzee akaikagua, akavua miwani, akamwambia kwa heshima zote, "Bwana, mashine yako ni nzima. Shida yake ni lamu. Lamu ni ndogo. Nikikuwekea lamu kubwa, itakimbia." Alikuwa anasema ramu, ile kumbukumbu ya mashine. Yule bwana alikunja uso akafikiri, kisha akajibu taratibu, "Mzee wangu, Lamu naijua, mjomba wangu ameoa kule. Ndogo ni ndogo kweli. Lakini wewe utaikuzaje?" Mimi nilikwenda kujificha nyuma ya kabati.

Huyu mzee ndiye aliyenifundisha kuweka kiganja nyuma ya kasha la kompyuta, pale hewa inapotokea, na kusoma joto kwa ngozi kabla ya kusoma kwenye kioo. "Ramunu," alisema, "joto halifi. Linahama tu. Ukilitoa kwenye prosesa, jiulize limekwenda wapi. Ukilitoa kwenye kasha, jiulize tena." Alinifundisha pia dawa ya kupaka kati ya prosesa na kipoza: punje moja, kiasi cha choroko, basi. Ukipaka nyingi inamwagika, ukisahau kabisa mashine inazimika yenyewe kwa homa. Nimewahi kupokea kompyuta ya mwalimu mmoja ambaye dawa ilimwishia akapaka dawa ya meno. Ilifanya kazi siku mbili. Tulipoifungua, duka zima lilinukia mnanaa.

Nacheka hapa ili nipate pumzi ya kusema yanayofuata.

Bisimwa alikuja Mzee Sserwadda akiwa ameshafariki na watoto wake wameniachia duka niliendeshe. Alikuwa mtu wa Bukavu, mrefu, mwembamba, shati limepigwa pasi hata siku za matope. Kule kwao alisomea umeme, vita vikamtoa. Hapa Kampala alikuwa anatengeneza simu kwenye kibanda Kyebando, jirani na chumba alichopanga na mkewe, Furaha, aliyeuza vitenge sokoni hapa hapa Nateete. Siku ya kwanza alikuja kununua feni moja ndogo ya kompyuta. Alikaa mpaka nilipofunga duka. Aliniuliza kila feni inazungukaje, mabawa yake yana umbo gani, kwa nini hii inalia na ile hailii. Kesho yake alirudi. Mwisho nikampa meza ya dirishani, tukawa tunafanya kazi pamoja. Kwa kuwa nilimzidi umri aliniita yaya, kama wanavyoita kwao dada mkubwa.

Sasa huyu ndiye aliyejua kungoja. Nyinyi mnatazama video moja na kubishana. Bisimwa alikuwa anafuatilia uvumi tangu prosesa ikiwa mimba. Asubuhi anaingia, hata salamu haijakauka mdomoni, anasema, "Yaya, ile ya mwaka kesho, ulisikia? Wamepunguza ukubwa wa vitransista tena. Iko na nguvu! Lakini moto, yaya, moto!" Alijua mahasimu wawili wanaotengeneza prosesa kama wengine wanavyojua timu za mpira. Alijua nani alimzidi nani, nani alidanganya kuhusu joto, nani atajibu na lini. Zikitoka zile za mwaka huo, alizitazama siku chache tu kwa furaha, kisha moyo wake ukahamia kwa zinazofuata. Kununua hakununua. Mashine yake mwenyewe ilikuwa ya vipande vya vipande.

Nilimuuliza siku moja, tukiwa tunakula muhogo na chai, "Wewe Bisimwa, unapata nini kwa kungoja kitu ambacho hununui?"

Alicheka. "Yaya, mimi na Furaha tuliandikwa kwa ile safari ya ng'ambo, wakimbizi wenye wanapelekwa. Miaka mingi. Wanasema, ngojea simu. Simu haiji. Nikienda kuuliza, wanasema, ngojea. Lakini hawa watu wa prosesa wakisema itatoka kipindi fulani, inatoka. Mimi iko napenda kungoja kitu chenye kinakuja."

Sikumtania tena.

Kulikuwa na sababu nyingine. Bisimwa alikuwa amejifundisha kuchora nyumba kwa kompyuta, siyo ramani tu, bali picha kamili: nyumba isiyojengwa bado, lakini unaona jua limelala ukutani na kivuli cha mti kwenye ngazi. Makontrakta walizipenda ili wawaonyeshe wenye pesa. Kila picha ilihitaji mashine ipige hesabu saa nyingi mfululizo, na mashine yake ilikuwa inazidiwa, inapata homa, inapunguza mwendo. Picha ambayo mwenye mashine nzuri aliimaliza mchana mmoja, yeye alihitaji siku tatu. Kazi zilikuwa zinakwenda kwa wengine. Safari hii, alisema, prosesa hii inayokuja hataitazama dirishani. Ataiingiza nyumbani.

Furaha alikubali. Walijinyima, najua namna walivyojinyima, lakini hayo ni yao.

Tukaanza kubishana kuhusu kipoza, mimi naye, kwa miezi, kama nyinyi humo ndani. Uvumi wote ulisema kitu hicho kitakuwa cha moto kuliko vyote vilivyotangulia. Mimi ni mtu wa hewa: chuma kikubwa chenye mapezi, feni mbili za maana, na kusafisha vumbi letu jekundu kila mwezi. Hakina pampu ya kufa, hakina bomba la kuvuja. Yeye alitaka maji. Nilimwambia maji na umeme ni wake wenza: wanaweza kuishi nyumba moja, lakini usiwape kisogo. Nilimwonyesha mashine ya mteja iliyovujiwa, motabodi imefanya kutu ya kijani kama sufuria la shaba. Akasema, "Yaya, hujaona chumba changu."

Nilikuwa nimekiona. Chumba kimoja chini ya mabati, na nyuma yake kistoo kidogo cha kuwekea jiko na ndoo. Dirisha moja lilitazama barabara ya vumbi, na alikuwa ameliziba kwa ubao na sponji baada ya jirani kuibiwa televisheni kwa mti wenye ndoano uliopitishwa dirishani. Kompyuta ikifanya kazi kwa bidii, chumba kiligeuka tanuri. Kwa hiyo mlango wa mbele ulibaki wazi kutwa, na vumbi linaingia, na kila mpita njia anaona kuna nini mezani.

Basi akatengeneza kipoza chake. Alinunua rejeta ndogo ya gari kwa wauza vyuma, akaiosha mpaka maji yakatoka meupe. Akapata pampu, akapata mabomba. Kisha akatoboa ukuta, akapitisha mabomba nje, rejeta akaitundika chini ya paa upande wa nyuma, ndani ya kizimba cha nondo, feni mbili zikiipuliza. Maji yalichukua joto kwenye prosesa, yakaenda kulimwaga nje, yakarudi yamepoa. Alikijaribu kwa mashine yake ya zamani wiki nzima, ameweka karatasi kavu chini ya kila kiungo ili tone likidondoka alione. Halikudondoka hata moja.

Aliniita nikaone. Nilikaa chumbani kwake mchana wa jua kali, mashine inapiga hesabu, na chumba kikawa cha kawaida tu. Bisimwa aliinuka, akaenda akausukuma mlango, ukafunga. Akanigeukia na uso ambao siwezi kuusahau.

"Unaona, yaya? Sasa naweza kufunga mlango."

Nilimpa mkono. Ilikuwa kazi safi kuliko nyingi nilizoziona, na nilimwambia hivyo.

Prosesa ikatoka, kipindi kile kile walichosema. Shemeji yake, kaka wa Furaha, ambaye hufuata bidhaa Dubai, aliileta kwenye begi la mkononi katikati ya soksi. Bisimwa hakuifungua nyumbani. Aliileta dukani, akanawa mikono kwa sabuni, akaifuta kwa kitambaa kisha akaipunga hewani ikauke. Akafungua kiboksi. Kitu chenyewe hakizidi biskuti. Wateja wawili walikuwepo, wakasogea, na mmoja akauliza kama ni hiyo tu. Bisimwa hakumsikia. Aliishika kwa kingo zake, akaigeuza kwenye mwanga, akasema kwa sauti ya chini, "Karibu." Kama mtu aliyepokea mgeni kituoni.

Aliifunga kwake jioni ile, na asubuhi alinipigia simu akicheka tu. Picha ya siku tatu sasa ilikuwa kazi ya nusu siku. Na joto lilikuwa chini kuliko la wale wa kwenye video, wenye vipoza vya kifahari.

Alifurahi nayo wiki mbili, na ushee kidogo.

Kulikuwa na kontrakta mmoja aliyetaka picha za nyumba ya tajiri fulani, nyumba kubwa ya kujengwa mlimani. Alizitaka Jumatatu asubuhi. Jumapili baada ya misa Bisimwa alinipigia: "Yaya, kuja kunywa chai, uone mashine inavyokimbia. Furaha iko kwaya, atarudi atatupikia." Nilisema nitakuja mvua ikitulia, maana mawingu yalikuwa yameshaanza kujikusanya juu ya Nsambya.

Yaliyotokea katikati nimeyajua baadaye kutoka kwa jirani yao, Mama Opio, mke wa askari jeshi, mtu mkweli. Umeme ulikatika mchana. Bisimwa alikwenda kuazima jenereta ndogo ya kanisa lao, akarudi nayo begani. Kwa kawaida aliiweka barazani na kuifunga mnyororo. Lakini mvua ilikuja kwa upande, upepo unairusha mpaka mlangoni, na jenereta ya jirani wa tatu ilikuwa imebebwa na wezi juma lile lile, mnyororo na vyote. Mama Opio alimwona anaiingiza ndani.

"Nilimwambia," Mama Opio aliniambia. "Nilipiga kelele kutoka kwangu, wewe, baba, moshi! Akanijibu, hapana mama, naiweka kule stoo, kuna tundu la kupitisha moshi. Akacheka, akanipungia mkono. Halafu mvua ikawa kubwa, sikumwona tena."

Aliiweka kwenye kistoo, mdomo wa moshi ameuelekeza kwenye tundu la ukutani. Kati ya kistoo na chumba aliegemeza godoro, ili kelele isimsumbue. Mlango wa mbele akaufunga kwa ajili ya mvua. Dirisha lilikuwa limeshazibwa. Kwa mashine, hapakuwa na haja ya kufungua chochote.

Nilifika mvua imebaki manyunyu. Boda aliniacha barabarani kwa sababu ya matope, nikashuka kwa miguu nikishikilia kuta. Nilisikia jenereta inanguruma ndani. Niligonga. Niligonga tena nikaita jina lake, nikadhani kelele zinamzuia kunisikia. Nikasukuma mlango.

Alikuwa ameketi kwenye kiti chake, kichwa kimelala mezani juu ya mkono, kama mtu aliyechoka na kazi. Hapakuwa na moshi wa kuuona. Palikuwa na harufu kidogo ya petroli, basi. Mbele yake kioo kilikuwa kinawaka na ile nyumba ilikuwa inajichora yenyewe, kipande baada ya kipande, ukuta, kisha ngazi, kisha dirisha. Pembeni ya kioo palikuwa na namba ya joto la prosesa. Ilikuwa ndogo. Mashine ilikuwa imepoa kabisa, vijana wangu. Haikuwa na shida yoyote.

Nilimshika bega. Nilisema, "Bisimwa, nimefika." Kisha kichwa changu kikaanza kuzunguka, na hapo ndipo nilipoelewa. Nilitoka nje nikipiga yowe. Mume wa Mama Opio alikuja mbio amevaa kaptula tu, akajifunga kitambaa puani ingawa kitambaa hakisaidii kitu, akaizima jenereta, akamkamata Bisimwa makwapani, tukamvuta mpaka uani. Tulimlaza kwenye matope, manyunyu yanamwanguka usoni. Yule askari alimpulizia pumzi mdomoni na kumkandamiza kifua kwa muda mrefu sana. Midomo ya Bisimwa na kucha zake zilikuwa na wekundu mzuri, kama mtu mwenye afya. Hilo lilinipa matumaini. Sikujua kwamba ni dalili ya sumu yenyewe.

Tulimpeleka hospitali kwa gari la jirani. Daktari alikuwa kijana wa kike, alinishika mkono akaniketisha. "Mama, alikuwa ameshakwenda kabla hamjamtoa chumbani. Hii gesi ya jenereta haina harufu, haina rangi. Haikabi koo. Mtu anasikia usingizi, anadhani ni uchovu." Akaniwekea na mimi hewa ya mtungi, nikapumua, nikatapika.

Furaha alifika bado amevaa sare ya kwaya, imeloa na kumganda mwilini. Hakulia mara ile. Alisimama mbele yangu akauliza, "Yaya, alisikia maumivu?"

"Hapana," nilisema. "Alilala."

"Alikuwa anafanya nini?"

"Kazi."

Akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyeambiwa bei aliyoitarajia, akakaa chini sakafuni.

Tulimzika huku huku Kampala, kwa sababu njia ya Bukavu ilikuwa imefungwa na vita tena. Watu wa kanisa lao walichimba kaburi wenyewe. Mafundi wa simu wa Kyebando walikuja wote, wamesimama kundi moja, mikono haijui pa kukaa.

Lakini kabla ya mazishi, Jumatatu ile ile asubuhi, simu ya Bisimwa ililia. Furaha aliipokea mbele ya waombolezaji. Alikuwa kontrakta, hajui lolote, anauliza picha zake. Furaha alimweleza. Nilisikia sauti ya yule mtu ikivunjika upande wa pili, anaomba radhi, anasema tusijali kabisa. Furaha akaishusha simu, akanitazama.

"Yaya, ilikuwa imebaki ngapi?"

"Mbili. Labda tatu."

"Kamalizie."

"Furaha, mtu mwenyewe amesema tusijali."

"Alijinyima kwa ile kitu. Kamalizie, yaya. Jina lake lisibaki kwa kazi ya nusu."

Nilikwenda. Umeme ulikuwa umerudi. Nilifungua mlango mpaka mwisho nikauzuia kwa jiwe, nikaung'oa ule ubao wa dirishani kwa nyundo, sponji na vyote. Niliwasha mashine, nikaibonyeza iendelee pale ilipokatiziwa. Kisha nikatoa kiti nje, nikakaa mlangoni nikiitazama kwa mbali. Sikuweza kukaa ndani nayo. Pampu ilikuwa inanong'ona, maji yanakwenda na kurudi. Mama Opio aliniletea uji, akakaa na mimi mpaka picha ya mwisho ikatimia. Nikaziweka kwenye flashi, nikazipeleka kwa kontrakta kwa mkono wangu. Aliipokea kwa mikono miwili.

Ile mashine Furaha aliiuza baadaye kwa kijana wa kucheza magemu. Prosesa yenyewe imeshapitwa mara kadhaa. Juzi nimeona ya kizazi chake humo ndani ya kabati lenu, kwenye boksi la vitu vya bei ya kutupa, mmoja wenu anaiita ya mababu. Ndivyo kazi yetu ilivyo, na hata Bisimwa angekuwa ameshaihama moyoni.

Baada ya hapo niliendelea na duka miaka mingine, ila nilibadilika. Mteja akija kutaka mashine kubwa, swali langu la kwanza halikuwa anataka prosesa ipi. Nilimuuliza: umeme ukikatika unafanyaje, na jenereta yako unaiweka wapi? Wengi walinicheka. Mmoja alienda duka la jirani kwa sababu, alisema, alikuja kununua kompyuta, hakuja kuungama. Sikujali. Nawaambia na nyinyi, na muwaandikie wateja wenu ukutani kama mnaweza: jenereta inakaa nje, mbali na mlango na dirisha, hata kama mvua inanyesha, hata kama itaibiwa. Barazani siyo nje. Stoo siyo nje. Tundu la moshi siyo nje. Iibiwe. Na mkiona watu wote wa chumba kimoja wanaumwa kichwa pamoja, msitafute panado, tafuteni mlango. Kuhusu vipoza, wekeni vya maji au vya hewa, mimi sina ugomvi tena. Lakini mkishaipoza mashine, mtazameni na mtu aliyekaa mbele yake, anapumua nini.

Furaha bado anauza vitenge, mstari wa tatu ukiingia soko hili. Wengine mmenunua kwake bila kujua. Mwaka jana alikuja hapa benchini akaniuliza kama ile nyumba ya mlimani ilijengwa. Nilimwambia sijui. Nikampigia kontrakta, naye akasema ilijengwa, akatuelekeza.

Tulikwenda siku ya Jumamosi mchana, mimi na yeye, tukipanda kilima polepole kwa ajili ya miguu yangu. Ilikuwa pale pale, geti jeusi, ukuta mweupe, na ngazi zikipanda kama zilivyokuwa zinajichora siku ile. Jua lilikuwa limelala ukutani. Furaha alisimama ng'ambo ya barabara, mkono mdomoni. Ndani watoto walikuwa wanapigiana kelele, na mtu alikuwa anakaanga vitunguu.

Askari wa getini, mwenzangu wa kaskazini kwa alama za usoni na kwa Kiswahili chake, alitoka akatutazama juu na chini.

"Wamama, mnatafuta nani hapa?"

Furaha akamjibu, "Hatutafuti mtu, afande. Tunaangalia nyumba tu."

"Mnamjua mwenyewe?"

"Hapana," alisema Furaha. "Mwenyewe hatumjui."

Yule askari alingoja aone kama kuna neno lingine, akaona hakuna, akarudi akafunga geti. Tukasimama pale kidogo zaidi, halafu tukashuka.